Orodha ya yaliyomo: kutoka kitabu cha kukunjwa hadi mstari unaobonyezwa

Katika miji ya mashariki ya Congo, sekretariati ya mtaani hujulikana kwa kibao chake: saisie, impression, photocopie, reliure. Ndani kuna kompyuta moja au mbili, mashine ya kutoa karatasi, jenereta ndogo nje kwa siku umeme unapokatika, na kijana anayepiga maandishi bila kutazama vidole vyake. Wanafunzi wanamletea TFC zao. Makanisa yanamletea programu za sherehe. Na tangu vita vilipowarudisha watu njiani, kamati za wahami zinamletea kazi ya namna nyingine: ripoti zilizoandikwa kwa mkono ndani ya daftari, zenye majina ya vijiji, hesabu ya nyumba zilizochomwa, mifugo iliyochukuliwa, na watu ambao hawajaonekana hadi leo.

Kazi inapokaribia kwisha, unabaki ukurasa wa mbele, ule ambao shuleni wote walijifunza kuuita table des matières. Kijana anaandika kichwa cha sura, kisha anabonyeza nukta, nukta, nukta mpaka mwisho wa mstari, halafu nambari ya ukurasa. Inapendeza machoni. Kisha mwenye ripoti anakumbuka kwamba kijiji kimoja kimesahauliwa. Mistari kumi inaongezwa katikati, maandishi yote yanasukumwa mbele, na orodha ile nzuri inaanza kusema uongo. Inasema mifugo iko ukurasa wa 14, kumbe imehamia ukurasa wa 15. Mtu wa ofisini mwenye dakika tano anafungua ukurasa wa 14, haoni kitu, anaweka ripoti pembeni na kuchukua nyingine.

Dawa ya ugonjwa huo iko ndani ya kompyuta hiyohiyo ya sekretariati, na kuitumia hakuombi hata robo saa. Kufika kwake kumechukua karibu miaka elfu mbili, na njiani historia hiyo imeigusa Congo zaidi ya mara moja.

Tuanzie Roma. Katika mwaka wa 77 baada ya Kristo, Mroma mmoja aliyeitwa Plinius, ambaye Wafaransa humwita Pline l'Ancien, alimaliza kitabu kikubwa juu ya vitu vyote vya dunia: nyota, inchi, wanyama, miti, dawa, madini. Vilikuwa vitabu 37 ndani ya kazi moja. Alimtolea Titus, mtoto wa mfalme Vespasianus, ambaye baadaye alitawala mwenyewe. Plinius alijua kwamba mtu kama Titus hana muda. Kwa hiyo kitabu chote cha kwanza alikifanya kuwa orodha: kitabu cha pili kina habari hizi, cha tatu kina hizi, mpaka cha 37, pamoja na majina ya waandishi aliowasoma. Akamweleza Titus waziwazi kwamba ameifanya hivyo ili asilazimike kusoma yote, na ili watu wengine pia watafute kile tu wanachokihitaji. Hakujisifu kwamba yeye ndiye wa kwanza katika lugha ya Kilatini. Alimtaja Valerius Soranus aliyefanya hivyo mbele yake.

Wakaaji wa Goma watamwelewa Plinius kwa jambo lingine. Alikufa mwaka wa 79, miaka miwili tu baadaye, wakati mlima Vesuvius ulipolipuka. Alikuwa mkubwa wa meli za vita karibu na hapo, akavuka maji kwenda kuona na kuokoa watu, hakurudi. Waliokimbia Nyiragongo tarehe 17 januari 2002 na tena tarehe 22 mei 2021 hawahitaji kuelezwa zaidi.

Orodha ya Plinius ilikuwa na kasoro moja, na haikuwa kosa lake. Vitabu vya wakati ule vilikuwa vya kukunjwa, kipande kirefu cha papirusi kilichoviringishwa kama mkeka. Hakukuwa na ukurasa, basi hakukuwa na nambari ya ukurasa. Orodha ilikuambia ni kitabu gani, lakini ndani ya kitabu ilibidi ukunjue kwa mkono huu na kukunja kwa mkono ule mpaka macho yakutane na neno.

Kitabu cha kurasa, kile tunachokijua leo, kilipochukua nafasi ya kile cha kukunjwa katika karne za kwanza za Ukristo, njia ikafunguka. Hata hivyo nambari hazikuja mara moja. Vitabu viliandikwa kwa mkono, na nakala mbili za kitabu kimoja hazikuwa na kurasa sawa: mwandishi mmoja ana herufi kubwa, mwingine ndogo. Nambari ya ukurasa ya nakala moja ilikuwa haina maana katika nakala nyingine. Ni mashine ya kuchapa, iliyoanza Ujerumani na Gutenberg katikati ya karne ya 15, iliyofanya nakala mia mbili ziwe na ukurasa wa tano uleule. Mwaka wa 1470 mchapaji Arnold Therhoernen wa Cologne alitoa kijitabu chenye nambari kwenye karatasi zake, na kinahesabiwa kati ya vya kwanza kabisa vilivyochapwa hivyo.

Lakini watu wa dini walikuwa wamepata ufumbuzi mwingine, nao ni mzuri kuliko nambari ya ukurasa. Tazama kanisani jumapili. Mhubiri anasema: tufungue Yoane, sura ya tatu, mstari wa kumi na sita. Mmoja ana Biblia ya Kiswahili, jirani yake ya Kifaransa, mama wa nyuma ana ya Kinyarwanda yenye herufi kubwa, na wote wanafika mahali pamoja. Kurasa ni tofauti, mahali ni pamoja. Kugawa Biblia katika sura kama tunavyozijua huhesabiwa kuwa kazi ya Stephen Langton, mwalimu wa Paris mwanzoni mwa karne ya 13, aliyekuwa baadaye askofu mkuu wa Canterbury. Mistari ya Agano Jipya iliwekewa nambari na mchapaji Robert Estienne katika toleo lake la mwaka 1551, alipokuwa amehamia Geneva. Tangu siku hiyo anwani iko ndani ya maneno yenyewe, haiko kwenye karatasi. Mawazo hayo mawili, anwani ya karatasi na anwani ya maneno, tuyashike mkononi, maana tutakutana nayo tena kwenye kompyuta.

Waislamu nao wana sura na aya zao, na lugha yetu imechukua kwao hata neno la kazi hii. Fahirisi, ambayo Waswahili huitumia kwa orodha ya kitabu, inatokana na neno lilelile ambalo Ibn al-Nadim, muuza vitabu wa Baghdad, alilifanya jina la kitabu chake mwaka wa 987: al-Fihrist, orodha ya vitabu vya Kiarabu alivyovijua. Neno lilitoka Uajemi, likapita Uarabuni, likafika pwani yetu.

Sasa turuke karne nyingi, tuende Brussels, mji ambao Congo inaujua vizuri kwa sababu si nzuri.

Paul Otlet alizaliwa huko mwaka wa 1868, mtoto wa tajiri. Mwaka wa 1888, akiwa na miaka ishirini, alitoa kijitabu chenye jina L'Afrique aux Noirs, Afrika kwa watu Weusi. Ndani yake alipendekeza kwamba Weusi wa Marekani, wajukuu wa watumwa, waletwe Congo kuja "kustaarabisha" inchi. Wenye inchi hakuwauliza. Lilikuwa wazo la wakati ule, la kijana wa Ubelgiji aliyeitazama ramani ya Leopold II kama shamba tupu.

Lakini si kwa kijitabu hicho Otlet anakumbukwa. Mwaka wa 1895 yeye na rafiki yake Henri La Fontaine, mwanasheria aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka wa 1913, walianza kazi ambayo mtu mwenye akili ya kawaida asingeianza: kufanya orodha moja ya vitabu na makala zote zilizowahi kuchapwa duniani. Walitumia kadi ndogo, kila kitabu kadi yake, zikapangwa ndani ya droo za mbao kwa nambari za masomo. Kadi zikapita milioni 12. Mtu aliye mbali aliweza kutuma barua, akauliza: kuna nini kimeandikwa juu ya jambo fulani? Wafanyakazi wakafungua droo, wakanakili kadi, wakamrudishia kwa posta. Tungesema leo kwamba mtu alituma swali, mashine ikajibu, ila mashine yenyewe ilikuwa watu, wengi wao wanawake, wakitembea kati ya makabati.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kadi hizo zilikaa katika majengo ya Cinquantenaire, Brussels. Upinde mkubwa wa mahali hapo ulimalizika mwaka wa 1905, na wanahistoria wameonyesha kwamba pesa alizozitumia Leopold II kuujenga zilitoka Congo, wakati wa mpira na mikono iliyokatwa. Basi orodha ile ya elimu yote ya dunia ilipewa nyumba kando ya ukumbusho uliolipwa kwa jasho la watu ambao majina yao hayakuwekwa kwenye kadi yoyote. Hilo Otlet hakuliandika.

Mwaka wa 1934 serikali ya Ubelgiji ilifunga ukumbi huo. Mwaka huohuo Otlet alitoa kitabu kinene, Traité de documentation. Humo aliwaza meza ya kazi isiyo na kitabu hata kimoja juu yake: kuna kioo na telefone tu, vitabu viko mbali katika jengo kubwa, na ukurasa unaohitajiwa unaitwa kwa telefone na kutokea kwenye kioo. Watu walimwona mzee wa ndoto. Wajerumani walipoikalia Ubelgiji mwaka wa 1940 walitoa makusanyo yake ili kuweka maonyesho yao, na sehemu kubwa iliharibiwa. Otlet alikufa mwaka wa 1944. Droo zilizobaki zinaonekana leo katika mji wa Mons, katika jumba linaloitwa Mundaneum.

Mwaka uliofuata kifo chake, upande wa pili wa bahari, Mmarekani Vannevar Bush aliandika makala yenye jina As We May Think, iliyotoka mwezi wa julai 1945 katika gazeti The Atlantic. Bush aliwaza dawati lenye filamu ndogo ndani yake, ambapo msomaji anaunganisha ukurasa huu na ule, na kiungo hicho kinabaki. Siku nyingine akibonyeza kitufe, ukurasa wa pili unakuja wenyewe. Aliita dawati hilo memex. Halikujengwa kamwe.

Bush hakuwa mwandishi tu. Wakati wa vita alisimamia ofisi iliyoongoza utafiti wa kisayansi wa jeshi la Marekani, na ni ndani ya ofisi hiyo kazi ya bomu la atomu ilipotayarishwa kabla ya kupewa jeshi. Sehemu kubwa ya urani ya bomu hilo ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga. Mwezi uleule wa julai 1945 makala yake ilipotoka, bomu la kwanza lilijaribiwa katika jangwa la New Mexico. Msomaji wa Likasi au Lubumbashi ana haki ya kusimama hapa kidogo kabla ya kuendelea.

Makala hiyo ilimfikia kijana mmoja wa jeshi la majini, Douglas Engelbart, fundi wa rada, aliyekuwa Ufilipino akisubiri kurudishwa nyumbani. Aliisoma katika kibanda cha Msalaba Mwekundu. Miaka 23 baadaye, tarehe 9 desemba 1968, mjini San Francisco, Engelbart alikaa mbele ya watu wengi na kuwaonyesha kwa dakika 90 vitu ambavyo hawakuwahi kuviona: kisanduku kidogo cha mkononi tunachokiita souris, kioo chenye maandishi yanayobadilika hapohapo, na neno ambalo ukilibonyeza linakupeleka mahali pengine. Alionyesha pia orodha ya kazi zake za nyumbani na ya vitu vya kununua. Aliikunja ikabaki vichwa tu, akabonyeza kichwa kimoja, yaliyo chini yake yakafunguka. Kwa wanaotafuta siku ya kuzaliwa kwa orodha ya yaliyomo inayobonyezwa, siku hiyo inafaa kuliko nyingine. Miaka mitatu kabla, mwaka wa 1965, Ted Nelson alikuwa ametoa jina la maandishi ya namna hiyo: hypertext.

Hata hivyo, kati ya onyesho hilo na kijana wa sekretariati kulikuwa bado na tatizo moja kubwa. Kompyuta haijui kusoma kama mtu. Ukiandika "SURA YA KWANZA" kwa herufi nene, ukaiweka katikati, ukaipigia mstari chini, macho ya mtu yanaona kichwa cha sura. Mashine inaona herufi nene tu. Haiwezi kufanya orodha ya vichwa ikiwa hakuna aliyeiambia kichwa ni kipi.

Mwaka wa 1980, katika chuo kikuu cha Carnegie Mellon huko Marekani, Brian Reid alitoa programu yake iitwayo Scribe, na wazo lake lilikuwa hili hasa: mwandishi aiambie mashine kitu hiki ni nini, hiki ni kichwa, hiki ni maelezo ya chini, na mambo ya sura yake machoni, unene na ukubwa, yapangwe mahali pengine. Leslie Lamport alifuata njia hiyo katika LaTeX, ambayo wanafunzi wa hesabu na fizikia wanaijua hata leo. Kwa sababu mashine sasa inajua vichwa, inaweza kuvikusanya yenyewe, kuhesabu kurasa, na kuandika orodha. Microsoft Word, iliyotoka mwaka wa 1983, ilipokea wazo hilo kwa jina la style. Halafu mwaka wa 1989 Tim Berners-Lee alipendekeza mtandao wa kurasa zilizounganishwa katika kituo cha CERN, Geneva, mji uleule wa Estienne na mistari yake, na tarehe 30 aprili 1993 CERN ikatangaza kwamba kila mtu anaweza kuutumia bila malipo. Watu wakazoea kubonyeza. Word 97 ikaingiza viungo vya kubonyeza ndani ya maandishi ya kawaida, na tangu hapo orodha ya yaliyomo ikaanza kuwa mlango.

Kwa hiyo kazi yenyewe, katika kompyuta nyingi za kwetu ambazo zinasema Kifaransa, inakwenda hivi. Usianze na orodha, anza na vichwa. Weka kishale kwenye kichwa cha sura, nenda "Accueil", kati ya style chagua "Titre 1". Kichwa kidogo ndani ya sura kipe "Titre 2", kilicho chini yake zaidi "Titre 3". Usishtuke ikiwa rangi inageuka kuwa ya buluu, hilo linabadilishwa baadaye mara moja kwa vichwa vyote. Fanya hivyo hadi mwisho wa kazi. Kisha rudi mwanzoni, mahali orodha itakapokaa, fungua "Références", halafu "Table des matières", chagua mojawapo ya zile za automatique. Orodha inajiandika, nukta na nambari zote. Ukishikilia Ctrl na kubonyeza mstari, unafika kwenye sura.

Na kile kijiji kilichosahauliwa? Kiandike mahali pake, kipe "Titre 2" kama vingine, kisha bonyeza ndani ya orodha na uchague "Mettre à jour la table". Mashine itauliza kama unataka kubadilisha nambari tu au orodha nzima. Jibu ni "Mettre à jour toute la table". Wengi wanachagua nambari tu, na kijiji kipya hakionekani kwenye orodha, ndipo wanasema mashine ni mbovu. Haijiamshi yenyewe pia: ukiongeza kitu leo na usipoiomba ihesabu upya, itabaki na hesabu ya jana.

Asiye na Word halali ana LibreOffice, ambayo ni ya bure. Ilizaliwa mwaka wa 2010 kutoka OpenOffice, na OpenOffice nayo ilitoka kwa programu ya Kijerumani, StarOffice. Humo njia ni "Insertion", kisha "Table des matières et index". Kanuni haibadiliki: bila "Titre 1" hakuna orodha.

Linabaki jambo la mwisho ambalo sekretariati nyingi huliharibu. Ripoti ikimalizika inageuzwa PDF ili itumwe kwa WhatsApp. PDF ilitolewa na kampuni Adobe mwaka wa 1993, na tangu mwanzo iliweza kubeba viungo ndani yake. Lakini ukiipitisha kwenye "Imprimer" kana kwamba unatoa karatasi, viungo kwa kawaida vinakufa, inabaki picha ya orodha tu. Pitia "Enregistrer sous", chagua PDF, na katika "Options" tia alama mahali pa "Créer des signets", kwa kutumia titres. Hapo mwenye telefone ataweza kugusa mstari na kufika.

Kwa nini haya yawe na uzito kwa mtu aliye chini ya hema? Kwa sababu maandishi marefu zaidi juu ya yale yaliyowapata watu wa Congo yako katika PDF.

Tarehe 1 oktoba 2010 Umoja wa Mataifa ulitoa ripoti ambayo wote wanaiita Ripoti Mapping. Wachunguzi walikuwa wametembea inchi nzima kuanzia oktoba 2008 hadi mei 2009. Walisikiliza mashahidi zaidi ya 1,280, wakakusanya hati zaidi ya 1,500. Ripoti ina kurasa zaidi ya 500 na inaeleza matukio 617 ya kuanzia machi 1993 hadi juni 2003. Majina ya wanaoshukiwa hayamo, yaliwekwa katika hifadhi ya siri. Lakini majina ya mahali yamo: vijiji, mito, madaraja, makanisa, kambi. Daktari Denis Mukwege, alipopokea Tuzo ya Nobel ya Amani mjini Oslo tarehe 10 desemba 2018, alilalamika kwamba ripoti hiyo imelala ndani ya droo huko New York.

Kwa wenye telefone haiko ndani ya droo, iko kwenye intaneti, kwa Kifaransa pia. Ila kurasa 500 kwenye kioo cha upana wa viganja viwili, na mega za franga mia tano, ni droo ya namna nyingine. Mama anayetaka kujua kama kijiji alikomwacha baba yake mwaka wa 1996 kimeandikwa hawezi kusukuma kurasa zote kwa kidole. Titus alikuwa hana muda kwa sababu ana ufalme wa kushughulikia. Mama huyu hana muda kwa sababu betri iko asilimia kumi na moja na kuchaji ni kulipa.

Orodha ya yaliyomo ya ripoti hiyo ina mpangilio wake, na anayeujua anaokoa megabaiti na machozi. Kwanza imegawanywa kwa nyakati nne. Kuanzia machi 1993 hadi juni 1996, kabla ya vita vya kwanza, kuna matukio 40. Kuanzia julai 1996 hadi julai 1998, wakati wa AFDL na kambi za wakimbizi kuvunjwa, kuna 238. Kuanzia agosti 1998 hadi kifo cha Rais Laurent-Désiré Kabila, januari 2001, kuna 200. Kutoka hapo hadi serikali ya mpito ya juni 2003 kuna 139. Ndani ya kila wakati, matukio yamepangwa kwa jimbo. Na kila aya ya ripoti ina nambari yake, kama mstari wa Biblia, ndiyo sababu wanasheria wanaitaja kwa aya.

Majimbo hayo ni ya zamani. Wachunguzi waliandika kabla ya inchi kugawanywa katika majimbo 26 mwaka wa 2015. Kwa hiyo mtu wa Kalemie asitafute Tanganyika, aguse Katanga. Wa Kisangani asitafute Tshopo, aguse Province Orientale. Wa Uvira na wa Masisi hawana shida, Kivu ya Kusini na Kivu ya Kaskazini zilikuwa na majina yaleyale. Ikiwa mstari haufunguki kwa kuguswa, nakili nambari ya ukurasa iliyo kando yake na uiandike katika kisanduku cha kutafuta ukurasa kilicho ndani ya programu ya kusomea PDF. Ukitafuta kwa jina la kijiji, jaribu maandishi mawili au matatu, kwa sababu wachunguzi waliandika majina kama walivyoyasikia, na jina moja linaweza kuwa na C mahali wewe unaweka TSH.